Alhamisi Tunakula Nje

Athens, 13 Oktoba 1988

Mdogo wangu Polyxeni,

Picha ya harusi ya Takis imefika bila kukunjika. Nimeichomeka kwenye kioo cha kabati, kwa hiyo kila nikitoa sahani bwana harusi ananikodolea macho. Masikio amechukua ya marehemu baba, masikini mwanao. Bibi harusi mzuri, ila mwambie ale. Sisi tunaendelea. Goti langu linaniuma mvua ikikaribia, na mwaka huu mvua imewahi. Jirani wa ghorofa ya chini amenunua kasuku anayemtukana mtu wa posta. Ukiona barua zangu zinachelewa, ujue sababu. Msalimie shemeji Fotis. Katika barua zako mbili zilizopita hukumtaja hata kwa jina.

Sasa nikuambie kilichonikalisha chini niandike.

Unamjua shemeji yako Iordanis. Tangu tuoane, mezani husema “chumvi”, kisha “asante”, na siku za baridi “mlango”. Maisha yake yote alikuwa msoma mita za umeme: anaingia nyumba za watu, anatazama namba, anatoka. Basi tangu alipostaafu, kila Alhamisi mchana anasimama mlangoni, kofia mkononi. “Evanthia, vaa viatu. Tunakula nje.”

Usidhani tumepata urithi. Hatuendi kwenye migahawa ya vitambaa vyeupe mezani. Ni vile vijumba vya chakula anavyovijua kwa miguu yake, vingine viko chini ya ardhi, unashuka ngazi ukiinamisha kichwa. Unaingia mpaka jikoni, mpishi anakufunulia masufuria, unaonyesha kwa kidole, unakwenda kukaa. Wanatandika karatasi mezani, wanaleta mkate, divai ya pipa kwenye kikopo cha bati, na mnashiba wawili kwa hela ambayo sokoni ningepata samaki mmoja. “Miaka yote nimepita kwenye milango hii nanusa tu,” ananiambia, “na mkate wako na zeituni mfukoni.” Sharti lake ni moja: tulipokula, haturudi. Nami nilifurahi, sikufichi. Nilinunua hata lipstiki.

Halafu mwezi uliopita, kule mtaa wa Petralona, tulikuwa tunakula dengu za tanurini. Mhudumu anapangusa meza ya jirani, akauliza kama wanavyouliza wote: “Watoto mnao, mzee?”

“Watatu,” Iordanis akajibu, bila hata kupepesa. “Wa kwanza daktari wa meno, yuko Kanada. Wa pili ametuponyoka, anapiga gitaa. Wa tatu msichana. Huyo ndiye roho ya mama yake.” Na akanielekezea kijiko!

Dengu zikanipalia mpaka mhudumu akanigonga mgongo. Xeni, wewe unajua, na kwetu wote wanajua, kwamba sisi hatuna mtoto. Sitaandika zaidi ya hapo.

Kwenye treni nikamwuliza, “Iordanis, yale yalikuwa maneno gani?” Akatazama dirishani. “Dengu zilikuwa laini, sivyo?” Basi. Alhamisi iliyofuata, mahali pengine, akasema tumeoana miezi mitatu iliyopita. Mwenye mgahawa akatuletea halua ya bure, watu wakatugongea glasi, nami nikakaa pale nimeiva uso kama nyanya. Wiki iliyopita alikuwa nahodha mstaafu. Mtu anayetapika kwenye feri ya kwenda kisiwani Aegina tu!

Nyumbani anarudi kuwa yule yule. Chumvi, asante, mlango. Sijui nicheke au nilie. Yeye amechanganyikiwa, au ni mimi? Niambie, na usimwambie Fotis.

Dada yako,
Evanthia


Melbourne, 20 Novemba 1988

Dada yangu mpenzi,

Huku joto limeanza, nzi wameanza, na kiwandani wametuhamisha kutoka kushona mashati kwenda kushona sare za shule, kwa hiyo naona kijani hata nikifumba macho. Takis na mkewe wamepanga nyumba mbali, nawaona Jumapili. Mwaka huu pia hatutaweza kuja. Usiulize, ni mambo ya likizo. Fotis mzima, kazi zimembana, anakusalimu.

Barua yako niliisoma wakati wa chai ya mchana. Nilipofika pale pa nahodha nikacheka hadi msimamizi akaja kuuliza. Shemeji yangu Iordanis, ambaye siku ya harusi yenu padri alimwuliza jina lake mara mbili akidhani hajasikia!

Lakini baada ya kucheka nikaogopa. Hapa mtaani kuna mzee mmoja wa Kalamata alianza hivyo hivyo, akisimulia habari za farasi aliowahi kuwa nao, wala hakuwa na farasi. Siku moja wakamkuta kituo cha basi na nguo za kulalia. Mpeleke kwa daktari, dada. Umdanganye kwamba ni kwa ajili ya goti lako.

Na kama daktari akisema ni mzima, basi mwache aseme. Kuna hasara gani? Mwanamume anakutoa nje kila wiki, anakaa mkabala nawe, anazungumza. Wewe unalalamika kwamba anazungumza uongo. Kuna wanawake wangelipia uongo huo.

Nisamehe, nimechoka leo.

Xeni wako


Athens, 18 Desemba 1988

Mdogo wangu,

Heri ya Krismasi kabla hujaisahau huko kwenye joto. Nimeoka biskuti za asali, nusu zimeungua. Kasuku wa jirani ameugua mafua, jengo zima limetulia.

Nilimpeleka Iordanis kwa daktari. Nikasema ni goti langu, akanisindikiza, na tulipoingia, daktari, ambaye nilikuwa nimepanga naye mapema, akaanza kumwuliza yeye. Leo ni tarehe ngapi? Waziri mkuu nani? Toa saba kwenye mia, endelea kutoa. Iordanis akajibu yote, kwa waziri mkuu akaongeza na tusi. Akaendelea kutoa saba mpaka daktari akachoka. Kisha daktari akanitazama: “Mumeo yuko sawa, mama. Wewe ndiwe unayeonekana hulali.” Tukatoka. Barabarani Iordanis akaniambia taratibu, “Goti lako halikuguswa hata kidogo, Evanthia.” Niliona aibu, sijui kwa nini niione mimi.

Basi nikafuata ushauri wako. Nikamwacha. Na Mungu anisamehe, safari moja nami nikaingia. Kule Pangrati alimwambia mhudumu kwamba zamani nilikuwa mwimbaji. “Kweli, mama? Mbona uliacha?” Nikasikia mdomo wangu wenyewe ukijibu: “Huyu hapa alikuwa na wivu. Alikuwa akikaa meza ya mbele anawahesabu wanaume wanaonipigia makofi.” Iordanis akageuza uso akanitazama kama alivyokuwa akinitazama kabla hatujaoana. Tulikunywa vikopo viwili. Tulirudi tumeshikana mikono, wazee wazima.

Nikasema, kumbe ndivyo! Ni mchezo, nimeuelewa.

Sikuelewa kitu. Alhamisi iliyopita tulikuwa bandarini Piraeus, dagaa wa kukaanga na mboga za majani kwa limau. Mhudumu kijana wa watu, mpole, akauliza kama tunasherehekea siku ya kuzaliwa au nini, maana tumependeza. Iordanis akaweka uma chini. “Mimi nimefiwa na mke,” akasema. “Huyu ni shemeji yangu, dada wa marehemu. Ananitoa nisikae peke yangu.”

Kijana akavua kofia yake ya kazi. Akampa Iordanis mkono, “Pole sana, mzee.” Kisha akanigeukia mimi, Xeni, akanipa pole kwa kifo changu mwenyewe! Na Iordanis machozi yakamlengalenga. Si ya kuigiza. Nimelala kitanda kimoja na mtu huyu tangu nina miaka ishirini na minne, sijawahi kuyaona.

Nikasimama, nikachukua mkoba, nikapanda treni peke yangu. Alinifuata jioni na dagaa wangu kwenye karatasi. “Hukumaliza,” akasema. Nikamwuliza, “Nani amekufa, Iordanis? Nani?” Akaniwekea sahani mbele. “Kula, watapoa.” Walikuwa wamekwisha poa zamani.

Anataka nife? Ana mwingine? Mtu akitaka mwanamke mwingine anamnunulia mkewe dagaa kila wiki? Niandikie haraka. Na mbona kila mara Fotis “anakusalimu” na hujaandika hata mara moja amesema nini?

Evanthia


Athens, 26 Februari 1989

Xeni,

Mwaka umebadilika na sijapata hata kadi. Nimeuliza posta, wakanicheka. Kama mnaumwa, Takis si anajua kuandika?

Huku baridi kali, maji yaliganda kwenye bomba la uani. Mimi nilikataa kwenda naye tena. Nilimwambia, “Nenda na wafu wako.” Nilitamka hivyo hivyo. Akavaa kofia akaenda peke yake, na Alhamisi nyingine hivyo hivyo, na nyingine. Anarudi kimya, mimi nami kimya, ungedhani nyumba haina watu.

Wiki hii nikamfuata. Nikajifunga kitambaa kichwani kama mwizi. Nilikuwa na uhakika nitamkuta na mwanamke, na njiani nilikuwa nimekwisha pata maneno ya kumwambia huyo mwanamke, mazuri kweli, ungefurahi.

Aliingia kijumba kimoja cha mtaa wa Kypseli. Nikachungulia kwenye kioo chenye mvuke. Ameketi peke yake. Mbele yake sahani mbili za supu ya maharage, glasi mbili, mikate miwili. Hasemi na mtu. Hakuna nahodha wala daktari wa meno. Ni yule yule wa nyumbani, ananyamaza, ila ananyamaza mbele ya kiti kitupu.

Mwenye mgahawa, mama mmoja mnene, akafungua mlango: “Unaganda hapo nje, mama, ingia. Au wewe ndiye? Yule mzee pale anasema mkewe yuko njiani, amechelewa treni. Supu nimeipasha moto mara mbili.”

Maneno yangu mazuri yote yakaniruka. Nikaingia. Nikaketi. Nikamwambia mama yule, “Nisamehe, treni zilisimama.” Iordanis akanisogezea chumvi kabla sijaiomba. Tukala. Bado sijui kwa nini nilikuwa na furaha ya namna ile, na kwa nini usiku nikamkasirikia upya.

Njiani alisema kitu kimoja tu. “Nyumbani siwezi, Evanthia. Nikifungua mdomo nyumbani, naona lile jambo limekaa mbele yangu, na kila neno lingine linakuwa dogo. Kwa watu wasiotujua naweza.”

Sikumwuliza jambo gani. Unalijua. Nimekwambia sitaliandika.

Andika, Xeni, hata mstari mmoja.

Evanthia


Melbourne, 19 Machi 1989

Dada,

Barua zako mbili ziko hapa mbele yangu. Ile ya Desemba nimekaa nayo wiki nyingi, kila nikishika kalamu naona nitaandika tena “Fotis anakusalimu”, naiweka chini.

Fotis hakusalimu. Fotis aliondoka Agosti. Amepanga chumba karibu na kazini kwake. Hakuna mwanamke, usianze kutunga maneno ya kumwambia. Siku moja alikunja mashati yake akasema, “Polyxeni, hatuna tena la kuambiana,” na mimi nilipofikiria nikaona kweli. Ndiyo maana hatukuja. Kwenye harusi ya Takis tulisimama pamoja kwa ajili ya picha tu. Ukitazama vizuri utaona mkono wake haujanigusa. Usinionee huruma sana, nala, nalala, nashona kijani.

Ndiyo maana nilikujibu vile, kwamba kuna wanawake wangelipia uongo ule. Nilikuwa na wivu na wewe, dada. Nilikuwa nasoma jinsi mume wako anavyokutoa kila Alhamisi, na sasa anavyokaa na supu mbili anakungoja, na mimi huku nimewasha televisheni ili nisikie mtu.

Sasa nami niseme. Mwaka ule wa hamsini na saba mama alituita sote akasema: mtoto wa Evanthia amezaliwa amekufa, na asitokee mtu wa kumtajia, atasahau, atapata mwingine. Hukupata mwingine, na sisi tukaendelea kunyamaza kama tulivyoamriwa. Mimi nilikuwa msichana, sikujua kama kuna njia nyingine. Mwanamume huyo amekaa na jambo lile miaka yote, na wewe umekaa nalo chumba kimoja naye. Mnapishana nalo kama kabati kubwa.

Hajachanganyikiwa. Anatafuta mahali pa kulisema. Mwulize, dada. Kama nyumbani hamwezi, basi mwulize mezani, mbele ya watu msiowajua. Mwulize mkiwa na mikate mkononi.

Xeni


Athens, 21 Mei 1989

Mdogo wangu Xeni,

Kristo amefufuka, ingawa Pasaka imepita. Mayai yangu mekundu mwaka huu yalitoka ya waridi. Nimelia kwa ajili yako siku mbili, halafu nikaichukua picha ile kabatini nikautazama mkono wa Fotis. Kweli hauko. Nilikuwa napita mbele yake kila siku na sahani. Sitasema mengi, utanisikia ukija, maana utakuja, nimekwisha amua.

Nilibeba barua yako kwenye mkoba tangu Kwaresima. Kila Alhamisi tulikaa mahali, kila Alhamisi nikaogopa. Iordanis hakuwa tena na hadithi nyingi. Nadhani aliogopa nitasimama niondoke.

Alhamisi iliyopita alinipeleka chini ya ardhi karibu na soko kuu, kule wanakokula wachuuzi wa nyama. Mapipa ukutani, meza zinagusana, mwenye mahali ni mzee mkubwa wa mwili mwenye kalamu sikioni. Tulichukua nyanya zilizojazwa wali. Akaleta mkate, akauliza lile swali lao: “Watoto mnao?”

Nikamwona Iordanis anavuta pumzi, anatafuta atuzalie nani safari hii. Nikaweka mkono wangu juu ya wake. Nikasema mimi:

“Tulikuwa na mmoja. Msichana. Alizaliwa amekufa. Walinifunika uso nisimwone, wakamtoa.”

Yule mzee alibaki na kikapu cha mkate hewani. Mimi sikumtazama Iordanis. Nilitazama nyanya. Kisha nikasikia sauti yake, ndogo:

“Mimi nilimwona.”

Xeni, miaka thelathini na miwili! Nikamgeukia. “Ulimwona?”

“Muuguzi alikuwa mtu wa Smyrna kama mama yangu. Aliniambia, mchukue, bwana, wewe ni baba yake. Nikamshika pale koridoni. Nywele zilikuwa nyingi, nyeusi, zimelowa. Alikuwa amekunja uso hivi, kama wewe ukionja supu isiyo na limau.”

“Na hukuniambia?”

“Mama yako alinikataza. Halafu hukuuliza. Halafu nikaogopa kwamba utauliza. Hakuna mtu aliyewahi kunipa pole, Evanthia. Hata mmoja. Nilirudi kazini kesho yake, nikasoma mita. Kule Piraeus nilitaka tu kusikia mtu anasema pole, nione inakuwaje. Sikujua namna ya kulisema la kweli, nikasema la uongo.”

Ningeweza kumkumbatia na ningeweza kumpiga na kikopo cha divai. Sikujua nianze na lipi. Mwenye mahali akaweka kikapu chini, akavuta kiti, akakaa nasi, na wateja wengine wakingoja nyama zao. “Poleni,” akasema. “Poleni wote wawili.” Kisha akauliza, kama kitu cha kawaida kabisa, “Mlimwita nani?”

Hakubatizwa, unajua. Kwa karatasi za serikali na za kanisa hana jina. Lakini tulijibu wote wawili kwa pamoja, mara moja.

Mimi nikasema, “Anatoli.”

Yeye akasema, “Despina.”

Tukatazamana. “Anatoli gani?” akaniuliza. “Binti wa kwanza anachukua jina la mama yangu! Ndiyo desturi!” Nikamwambia, “Mama yako alikuwa na roho ngumu kama jiwe, nisingempa mwanangu jina lile hata kwa kushikiwa kisu.” “Nimemwita Despina kila siku ya Mungu tangu amezaliwa!” “Na mimi Anatoli! Umeniuliza?” Nilikuwa nimesimama, Xeni, napiga meza. Yeye naye kasimama, masikio mekundu. Mchuuzi mmoja wa nyama akaegemea kutoka meza ya jirani: “Anatoli zuri zaidi, mzee.” Mwenzake akasema, “Wewe nyamaza, desturi ni desturi.” Mwenye mahali akasema yeye ana Despina wake nyumbani na hajawahi kujuta. Tuligombana mpaka nyanya zikapoa, kama wazazi waliotoka na kichanga hospitalini asubuhi ile. Nilicheka, nikalia, sikujua ni kipi kilianza.

Tuligombana kwenye treni. Tukapanda ngazi tunagombana, tukaingia ndani tunagombana, na ndani ya nyumba hii, Xeni, jikoni kwangu, Iordanis alisema maneno mengi kuliko miaka yote. Leo asubuhi nimemsikia akinyoa ndevu anajisemea, “Anatoli, Anatoli,” kama anayejaribu kiatu kisichomtosha. Akaniona mlangoni, akasema, “Hapana.”

Basi andika haraka uniambie mama yake mdogo anachagua lipi. Iordanis amekwisha pata kura ya mwenye mgahawa.

Dada yako,
Evanthia